Pombe ya Kuanua Matanga

Mtama ulikuwa umelazwa sakafuni juu ya shuka jeupe, na humo usingizini ulikuwa umeota. Kila punje ilikuwa imetoa mkia mweupe mwembamba, na mikia hiyo ilikuwa imesokotana hata ukivuta punje moja unainua pande zima. Feni ya chumba cha kukaushia nguo ilivuma juu yake bila kuchoka. Harufu iliyojaa humo, tamu na nzito kama pumzi ya mtu aliyelala, haikuwa ya sabuni, wala ya kitu chochote ambacho wakazi wa jengo lile la Hjulsta walizoea kuteremka nacho kwenye chumba cha kufulia.

Léonidas alisimama mlangoni, koti bado mwilini. Aliitambua harufu kabla hajaitafutia jina. Alikuwa fundi wa lifti, mzee wa kanisa, mtu wa kauli moja. Tangu alipobatizwa ujanani katika kambi ya wakimbizi Tanzania, pombe haikuwa imepita midomoni mwake. Na hapa, chini ya ardhi ya Stockholm, pombe ilikuwa inamngoja ingali mtoto mchanga.

Kando ya shuka alipiga magoti bibi mmoja wa Kiswidi, mwenye nywele fupi na soksi za sufu. Ndiye Gun, jirani aliyelalamika. Ariane, binti wa marehemu mdogo wake Léonidas, alikuwa amempigia simu kutoka chuo kikuu: mama yuko kazini, jirani amechachamaa, tafadhali baba mkubwa, uende wewe. Naye akapanda basi kutoka Akalla, amejiandaa kuomba radhi bila kujua ni kwa kosa gani.

"Ni wako?" Gun aliuliza kwa Kiswidi.

"Ni wa shemeji yangu."

"Nilidhani kuna mnyama amefia humu. Niliteremka na hasira zangu zote, na karatasi ya malalamiko ya kubandika ukutani." Aliokota punje, akaitia kati ya meno ya mbele, akaikata polepole. "Kumbe kimea. Kwetu Gotland bibi yangu alikausha cha shayiri juu ya moshi wa kuni. Nyumba nzima ilinukia hivi hivi, tukajua kuna jambo." Akamtazama. "Yule dereva wa basi, mume wake. Ni kwa ajili yake?"

Léonidas alisema, "Mimi sinywi."

"Sijakukaribisha," alisema Gun, akainuka kwa kushikilia mashine ya kufulia. "Ila kigeuzwe kabla ya jioni, kitaoza upande wa chini. Na umwambie shemeji yako, ratiba ya chumba hiki ni ya watu wote."

Alipobaki peke yake, Léonidas alikusudia kuondoka. Alikwisha kugusa kitasa. Lakini chakula kilichokuwa kinaelekea kuoza kilimshinda. Mtoto wa kambini haoni nafaka ikiharibika akageuza kisogo. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti pale pale alipopiga yule bibi. Vidole vilijua. Viliingia chini ya pande la mtama, vikaliinua bila kulivunja, vikalilaza upande wa pili, kama mama anavyomgeuza mwanawe pasipo kumwamsha. Alipomaliza viganja vyake vilikuwa na unyevu na joto, na hakutaka kuvinawa.

*

Médiatrice alirudi jioni kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, akamkuta shemeji yake ameketi jikoni mwake na kikombe cha chai kilichopoa. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa bado pale, kati ya televisheni na dirisha, limetandikwa shuka na kukunjwa pembe kwa unadhifu. Tangu Deusdedit aangukie usukani kwenye kituo cha mabasi na moyo wake ukatae kuamka, mjane wake hakuwa amelala tena chumbani. Hakuwa amevaa hereni. Watu wa Jordbro, mtaa mwingine wa jiji, waliotaka kuja kumposa Ariane waliambiwa wangoje, nao wakangoja, wakaanza kuuliza, na kuuliza kwao kulianza kupungua.

"Umegeuza mtama wangu," alisema Médiatrice.

"Ungeoza."

"Basi nusu ya kazi umekwisha kuifanya, shemeji."

Walizungumza Kiswahili, lugha waliyoibeba kutoka kambini na ambayo hawakuiacha hata baada ya kufika huku. Kirundi walikiweka kwa ajili ya mambo mazito, na wote wawili walijihadhari wasikiguse.

"Matanga yalianuliwa, Mama Ariane. Mchungaji Obedi aliomba. Watu walikula keki."

"Nilipewa Fanta." Alisema bila kupaza sauti, huku akivua viatu. "Fanta ya machungwa, na mrija wa plastiki wenye mistari. Mwanamume wa watu amekufa, nami ninanyweshwa kama niko kwenye sikukuu ya kuzaliwa. Nilitoka pale kanisani nikamtazama Ariane, naye akanitazama, tukaona aibu kucheka."

"Mungu haangalii kilichomo kwenye gilasi."

"Mungu haangalii. Mimi ninaangalia."

Léonidas alijua anachodaiwa. Kwao msiba hauondoki wenyewe, huondolewa. Mtungi wa pombe ya mtama huwekwa katikati, na mkubwa wa ukoo huwa wa kwanza kuivuta kwa mrija, mbele ya watu, kisha hutamka: fulani ametutoka, tumemlilia, sasa mwenye shamba alime, mwenye kuoa aoe, mwenye kucheka acheke. Ndipo mjane naye hupewa mrija ule ule. Bila hayo nyumba hubaki imeshika pumzi. Na katika nchi hii yote, mkubwa wa ukoo alikuwa yeye, hana mwenzake.

"Jumamosi," Médiatrice alisema. "Ukija, utavuta na utasema. Usipokuja, pombe nitaimwaga na godoro litabaki pale. Sitamwomba mwingine."

"Niliapa, Mama Ariane."

"Najua uliapa. Nilikuwapo ulipotoka mtoni umelowa chapachapa, suruali imekuganda, unaimba kuliko wote. Sikuombi ulewe. Nakuomba umwachie."

"Nimwachie nani?"

Médiatrice alichukua kikombe chake cha chai iliyopoa, akakimwaga kwenye sinki, akamtilia nyingine.

*

Ariane alikuwa anasomea lugha za kale za watu wa kaskazini. Léonidas alilimeza jambo hilo kwa shida. Mtoto wa Mrundi, aliwahi kumtania, kuhangaika na maneno ya maiti wa Kizungu ambao hata Wazungu wenyewe wamewasahau. Ariane alicheka, akamjibu kwa Kiswidi kwamba maiti hawabagui wa kuwachunguza. Sasa alimwomba waonane kwenye jumba la makumbusho ya historia, na Léonidas alikwenda akijua fika kwamba ametumwa na mama yake, na akiwa na majibu yake tayari, makali, yamepangwa kama risasi.

Dhahabu ilikuwa chini, katika ukumbi wa mviringo usio na dirisha. Mwanga ulitoka ndani ya visanduku vya vioo tu, hata watu waliokuwa wanatembea walionekana nyuso bila miili. Ariane alimsimamisha mbele ya vidani vyembamba kama sarafu, vilivyogongwa picha za vichwa na farasi.

"Kwenye vidani vya namna hii," alisema, sasa kwa Kiswahili, taratibu, kwa ajili yake, "mafundi wa zamani mara nyingi waligonga neno moja fupi." Kidole chake kilichora hewani karibu na kioo, mistari iliyonyooka kama vijiti. "Alu. Waswidi wanalo mpaka leo, ndiyo hii öl wanayoagiza Ijumaa wakitoka kazini. Waingereza wa kale walisema ealu. Wasaksoni nao walikuwa nalo, limebaki ndani ya jina la chombo cha kunywea. Limevuka hata mipaka ya jamaa zake: Wafini wanasema olut, na Walithuania wanalo la kwao. Wajerumani walikuwa nalo wakaliacha, wakashika hilo jingine la bia, ambalo lilizunguka likatufikia hata sisi."

"Na mwanzo wake?"

"Hapo ndipo maprofesa wanapotoana macho. Mmoja atakwambia mwanzo wake ni uchungu, ladha chungu ya ulimini. Mwingine anasema ni kurogwa, mtu kutoka nje ya nafsi yake. Wa tatu anasema alu ya kwenye dhahabu si pombe kabisa, ni neno la kinga, wamefanana tu njiani."

"Nawe?"

"Mimi bado mwanafunzi." Alitabasamu. "Lakini nikiona mtu amevaa neno shingoni, najua halikuwa neno la kukata kiu."

Léonidas aliinama hata pumzi yake ikatia ukungu kioo. Kichwa kilichogongwa kwenye dhahabu kilikuwa na jicho moja kubwa, limefumbuliwa kabisa, kama la mtu aliyeitwa ghafla. Majibu aliyoyapanga hayakutoka. Yalikuwa ya kumjibu mtu anayetaka kumshawishi, na mtoto huyu hakuwa anamshawishi. Alikuwa anamwonyesha kitu alichokipenda.

"Walizika nalo," Ariane aliendelea. "Karamu ya mazishi waliiita pombe ya kaburi. Ya mtoto akizaliwa ilikuwa pombe ya mtoto. Waingereza hata harusi wakaiita pombe ya bibi harusi. Na katika masimulizi yao, mkubwa wa nyumba akifa, mrithi haruhusiwi kukalia kiti chake. Anakaa chini, kwenye kidaraja, ngazi fupi ya kupandia, mbele ya kiti kitupu, wageni wote wanamwona. Mpaka aletewe pembe ya pombe. Anasimama, anatamka ahadi yake, anainywa. Ndipo wanamshika mkono wanampandisha."

"Na asipoinywa?"

Ariane alifikiri. "Hawasemi, baba mkubwa. Nadhani hakuna aliyewahi kukataa."

"Mama yako amekutuma."

"Mama alinituma nikubembeleze," alisema Ariane. "Sijui kubembeleza. Nimekuleta huku."

Walipotoka nje jua la Mei lilikuwa kali, na Léonidas alisimama kwenye ngazi akipepesa macho. Alitaka kumwuliza binti huyu anakumbuka nini juu ya baba yake. Badala yake akamwuliza saa ya treni.

*

Treni ya buluu ilimbeba kurudi Akalla, ikapenya ndani ya mwamba. Vituo vya njia ile vimechongwa kwenye jiwe tupu, dari zimeachwa na makovu ya baruti kisha zikapakwa rangi, na abiria aliyechoka huona anapita katika tumbo la mnyama mwenye ndoto nyingi. Léonidas aliegemeza kichwa dirishani. Mwendo wa treni ulimchukua, akalala na nyuso za watu bado ziko mbele yake.

Aliona ukumbi mrefu. Ulikuwa wa mwamba ule ule wa buluu, lakini umewashwa mioto, na ndani yake walijaa watu wa kwao na watu asiowajua, Waha na Warundi na Waswidi wa kale wenye ndevu za kusukwa, wote wamesimama, wote wameshika pembe. Mbele kulikuwa na kiti. Hakikuwa kiti cha kifalme. Kilikuwa kiti cha dereva wa basi, cha kitambaa chenye madoa, kimeinuliwa juu ya kidaraja. Na kwenye kidaraja aliketi yeye Léonidas, magoti yamemfika kidevuni, anaona haya.

Deusdedit alikuwa mlangoni. Alivaa sare yake ya kazi, koti mkononi, kama mtu aliyekwisha kuaga na bado hajafunguliwa mlango. Alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Kaka," alisema, "miguu inaniuma."

"Kaa, basi."

"Nitakaaje? Hakuna aliyekaa." Alicheka kidogo, kicheko chake cha puani. "Mtu nimekaa kwenye usukani maisha yangu yote, nikafa nimekaa, halafu wewe unisimamishe mlangoni kama mgeni. Unangoja nini?"

Léonidas alifungua kinywa amwambie kuhusu kiapo. Alitaka kusema jina la Mungu. Lakini katika ndoto mdomo hausemi uongo kwa urahisi, na neno lililotoka lilikuwa jingine kabisa.

"Nikisema umekwenda, utakuwa umekwenda."

Deusdedit alimtazama kwa huruma ile ile aliyokuwa akimtazamia abiria aliyechelewa, aliyekimbia hadi mlangoni na kuukuta umefungwa. Alikuwa dereva wa aina hiyo, alikuwa anafungua.

Léonidas aliamka Akalla, mwisho wa njia, behewa tupu, milango wazi. Shavu lake lilikuwa limelowa. Aliketi hapo mpaka sauti ya kwenye vipaza sauti ilipomwomba kila mtu ashuke, na kila mtu alikuwa yeye.

Kesho yake alimpigia simu Mchungaji Obedi. Hakuzunguka.

"Jumamosi nitavuta pombe ya kuanua matanga ya ndugu yangu. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe."

"Utaonja," Obedi aliuliza kwa upole, "au utakunywa?"

"Nitafanya kile anachostahili."

"Mzee Léonidas, watu wanakutazama wewe."

"Ndiyo maana nakwambia. Jumapili nitakuja kanisani. Nafasi yangu mbele mkiona inafaa apewe mwingine, nitakaa nyuma, karibu na mlango. Kuimba nitaimba."

"Tutaomba," alisema Obedi.

"Ombeni. Hata mimi naomba."

*

Jumamosi sebule ilijaa. Godoro lilisimamishwa ukutani kupisha watu. Katikati, juu ya mkeka, ulikuwa mtungi. Kwa kweli kilikuwa chombo kikubwa cha kupandia maua, cha udongo uliochomwa, ambacho Médiatrice alikinunua kwa sababu ya tumbo lake na kwa sababu hakikuwa na tundu chini. Mirija ilikuwa matete aliyoyakata Ariane kwenye ufuko wa ziwa Mälaren, yakachemshwa, yakatobolewa viungo kwa waya uliochomwa moto. Povu lilikuwa linapumua juu ya pombe, linapasuka polepole, kahawia na waridi. Gun alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amevaa gauni jeusi lenye kola, begi mapajani. Aliambiwa aje saa nane akaja saa nane, akakaa peke yake mpaka wageni wengine walipowasili.

Watu walimpisha Léonidas alipoingia. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani.

"Shemeji," alisema Médiatrice.

"Mama Ariane."

Alipiga magoti mbele ya mtungi. Pale chini harufu ilikuwa na nguvu, na ilimjia pamoja na wote waliowahi kuinusa: baba yake, wajomba, wanawake wakipepeta mtama mbele ya mahema ya kambini, na nyuma yao wengine asiowajua, wa shayiri na moshi, walioligonga neno moja kwenye dhahabu na kulivaa shingoni ili wavuke nalo mahali wasipoweza kupita peke yao. Alishika tete moja. Tete liligonga ukingo wa chombo.

Alivuta.

Ilikuwa chungu. Halafu nyuma ya uchungu ilikuwa tamu, kisha chungu tena. Aliimeza yote iliyokuwa kinywani, watu wakaona koo lake likipanda na kushuka. Alisimama. Alizungumza Kirundi, lugha ya mambo mazito, bila kutazama karatasi, bila kumtazama mtu.

"Deusdedit, mdogo wangu, amekufa," alisema.

Sentensi hiyo hakuwa ameitamka hata mara moja. Wengine waliitamka mbele yake, hospitalini, kanisani, kaburini Spånga, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa tu. Sasa ilipotoka aliisubiri imwangushe. Ilimpitia, akabaki amesimama.

"Amekufa, tumemzika, tumemlilia. Alikuwa mwema kwetu. Hatuna deni naye, naye hana deni nasi. Aende. Kuanzia leo mwenye shamba alime. Mwenye kuoa aoe. Waje hao wa Jordbro, tutawapokea. Mwenye kucheka acheke. Mwenye kulala, alale kitandani mwake."

Alimpa Médiatrice lile tete. Mjane alipiga magoti, akavuta, akafumba macho, akavuta tena kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka watu wakaanza kutazamana na mama mmoja nyuma akasema, "Mwachieni, ameingoja sana," na chumba kizima kikashusha pumzi. Kisha matete yakawa mengi, vichwa vikainama pamoja. Gun alivuta, akafikiri, akasema kwa Kiswidi kwamba ya bibi yake ilikuwa na moshi zaidi, lakini hii ina nguvu zaidi, na asingependa kupanda ngazi sasa hivi.

Léonidas alikaa kwenye sofa. Mwanga wa alasiri ulikuwa umeingia mpaka ukutani. Kichwa chake kilikuwa chepesi. Hakujua kama ni pombe au ni kitu kingine kilichoshuka kutoka mabegani. Médiatrice alikuja akaketi mkekani karibu na miguu yake, na Ariane akaketi nyuma ya mama yake, akamwekea kidevu begani.

"Shemeji," alisema Médiatrice, "nimeishi na mtu yule miaka mingi, na kila nilipomwuliza alikuwa mtoto wa namna gani, aliniambia nikuulize wewe. Sikuweza kukuuliza. Sasa naweza."

Léonidas alitazama nyuso zao. Aliona pua ya ndugu yake kwenye uso wa binti, imekaa kama iko kwake.

"Alikuwa mwongo," alisema.

Mtu alicheka. Médiatrice aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mwongo mkubwa. Hakuwa mwongo wa kudhuru, alikuwa wa kupendeza. Asubuhi moja, wadogo sana sisi, bado tuko kwetu karibu na ziwa, alikuja mbio akasema kiboko amelala ndani ya kanisa. Amelala mbele ya madhabahu, anakoroma, na padri anaogopa kumwamsha. Alisema kwa utulivu kiasi kwamba watu waliacha majembe. Watu wa mlima mzima wakashuka. Bibi yetu, kipofu, naye akashikwa mkono, akashuka. Tukafika mlangoni, kimya, hakuna anayethubutu kusukuma."

"Halafu?" aliuliza Ariane. "Alikuwamo?"

Léonidas aliegemea nyuma, akafumba macho kidogo, akawaacha wangoje, kama mdogo wake angefanya.